Kijitabu Kinachozidi

9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Huku sote wazima. Mama naye mzima kwa kadiri ya miaka yake: anakula, analala, anasahau, anatukana. Jana kaniita kwa jina la shangazi yake aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Nikaitika, yakaisha. Baba Chiriku bado anafunga mabomba ya watu mji mzima na bomba la kwetu linavuja, usicheke. Mimi nipo na cherehani yangu. Msimu wa sare za shule umeanza, nikifumba macho naona kola tu.

Nimeandika kwa sababu simu ukiipokea unasema "niko ofisini," na ukiwa nyumbani huipokei kabisa. Barua utaisoma, najua, wewe karani huwezi kuona karatasi ukaiacha.

Sasa jambo lenyewe. Chiriku anataka kufanya mtihani wa kuingia shuleni kwenu. Mwalimu wake kamwambia anaweza, naye tangu siku hiyo hatulali kwa maneno yake. Mimi sikusoma mbali, baba yake anajua kupima bomba. Wewe ndiye pekee katika nyumba yetu uliyefaulu mtihani huo, na sasa ndiye unayeutunza. Tueleze basi. Ni karatasi ngapi? Mtu apate alama ngapi ndipo aingie? Mteja wangu mmoja kaniambia sabini zinatosha. Mwingine kasema wa kwake alipata themanini akaachwa. Nani mwongo kati yao? Na kama una mitihani ya zamani, tutumie.

Mtoto mwenyewe yuko begani kwangu anasoma kila ninachoandika. Anasema nikwambie hataki upendeleo. Mwone! Nani kamwahidi upendeleo?

Mdogo wako,
Kitinda

20 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi niko vizuri, presha inapanda na kushuka kama inavyojisikia. Nifikishie salamu zangu kwa Mama, hata kama hatakumbuka ni za nani.

Wateja wako wote wawili si waongo. Mtihani huu hauna alama ya kufaulu. Nafasi ni arobaini. Watoto wanaokuja wanapita mia tano. Tunasahihisha, tunawapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, tunahesabu arobaini kutoka juu, tunapiga mstari. Mwaka mmoja mtoto mwenye sabini na mbili yuko juu ya mstari, mwaka mwingine mwenye themanini na tano yuko chini. Kila mwaka wazazi wanakuja dirishani kwangu wanalia, "Mwanangu alipata nyingi." Ni kweli alipata nyingi. Wenzake walipata nyingi zaidi. Mwelewesheni hilo mapema.

Anayeitwa asiporipoti ndani ya siku kumi na nne, nafasi yake inashuka kwa wa arobaini na moja, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo aliye chini kidogo ya mstari asikate tamaa mapema.

Karatasi ni tatu, siku moja: lugha, hesabu na maarifa. Majibu ya zote huandikwa kwenye kijitabu kimoja tunachowapa. Msahihishaji haoni jina, anaona namba tu. Jina liko kwenye daftari langu, na daftari liko kwenye droo yangu. Kijitabu kisicho na namba hakipati alama hata kama kimejaa dhahabu.

Namba imebandikwa juu ya dawati, na pia iko kwenye kadi ya mtoto. Hapa nisikilize vizuri, na umsomee Chiriku mara mbili. Aandike namba ya kwenye kadi yake, asinakili ya dawatini. Na asibadilishane kiti na mtu yeyote, hata dawati likiyumba, hata akiombwa vizuri. Anyooshe mkono, msimamizi atakuja.

Nimeambatanisha mitihani ya miaka kumi na miwili iliyopita. Ya zamani zaidi ya hapo haipo.

Kaka yako

30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mitihani imefika, ahsante sana. Mama mguu unamsumbua lakini ulimi hausumbuliwi na chochote. Baba Chiriku kaziba bomba letu hatimaye, likavuja upande wa pili. Kazi ni nyingi, nimeshona sketi themanini mwezi huu peke yangu.

Chiriku anasomea kwenye meza ya cherehani, ile ya marehemu dada yetu, pacha wako. Ndiyo meza pekee yenye mwanga wa dirisha. Akirudi shule mimi nafunga kichwa cha cherehani chini, yeye anatandaza madaftari. Alianza vizuri. Ile habari yako ya mstari ilimwingia, akawa anatwambia sote, "Sishindani na karatasi, nashindana na watu." Hata muuza maziwa kaambiwa.

Lakini kuna kitu nataka kukuuliza, na usinicheke.

Wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya swali la tangi. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa sita, la pili kwa saa kumi na mbili, na chini kuna tundu linaloweza kumaliza tangi zima kwa saa kumi na mbili. Vyote vikiwa wazi, litajaa kwa muda gani? Baba yake akasema fundi gani huyo anayefungua maji kabla ya kuziba tundu, afukuzwe kazi. Tukacheka. Chiriku hakucheka. Akasema, "Bomba la pili na tundu wanamalizana wenyewe. Linabaki la kwanza. Saa sita." Alisema polepole hivyo, na unamjua mtoto yule kwa haraka. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akasema, "Ndivyo anavyosema siku zote huyo." Nikamuuliza nani, akawa ameshasahau.

Nimelitafuta swali hilo kwenye mitihani yako yote kumi na miwili. Halimo. Nikamuuliza Chiriku kalitoa wapi. "Kwa mwenzangu." Mwenzako yupi? "Ninayesoma naye." Akaonyesha kwa kalamu upande wa pili wa meza. Kuna kigoda tu pale, naweka vitambaa. Ila vitambaa alikuwa ameviondoa.

Sasa amekuwa mkimya. Chiriku, mkimya! Kiti kizuri anakiacha wazi, yeye anakaa kwenye kigoda. Na juzi kaniuliza, "Mama, mwenzangu anauliza, mjomba alifaulu?" Nikamwambia alifaulu ndiyo, yuko huko mpaka leo. Akageuka pembeni kama anamweleza mtu. Kisha akaniambia, "Anasema haelewi ilikuwaje."

Kaka, swali la tangi limo kwenye mtihani wa mwaka gani? Wewe utajua.

Kitinda

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na ukaguzi, kisha mafundi walipaka rangi madirisha ya ofisi na harufu yake ilinipa kichwa kwa wiki nzima. Kijani. Mimi nilipendekeza nyeupe. Poleni kwa mguu wa Mama.

Swali hilo silikumbuki. Maswali ya matangi yako mengi duniani.

Nimekuwa nikifikiri. Ziko shule nyingine nzuri, za karibu na kwenu, zisizo na ushindani wa namna hii. Hapa ni mbali, mabweni yana baridi, na mtoto wa pekee atakupa upweke. Fomu yake imefika na foleni imempa namba 118. Ukiniandikia neno moja tu naitoa na kuirudisha, hakuna atakayejua.

Mnunulieni meza nyingine. Asikae kwenye ile.

Kaka yako

11 Juni

Kaka,

Shikamoo, kwa kuwa adabu haina bei. Mama hajambo.

Miezi miwili nangoja, naletewa rangi ya madirisha! Tena unataka kumtoa mwanangu kwenye foleni kimyakimya, wewe uliyebebwa begani na Baba mtaa mzima siku ulipofaulu. Nafasi ulipata wewe, basi imetosha? Nilikasirika mpaka nikashona mfuko nje ndani. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia barua nyingine, mbaya kuliko hii. Sasa soma kilichonifanya niichane.

Meza ya cherehani inayumba mguu wa kushoto. Tangu niirithi, chini ya mguu huo kuna karatasi iliyokunjwa mara nyingi ikawa ngumu kama kipande cha mbao. Sijawahi kuigusa. Jumamosi mchana nilikuwa nakata kitambaa, Chiriku akasema bila kuinua kichwa, "Mama, mwenzangu anasema uitoe."

Nikainama nikaitoa. Kuikunjua tu ilinichukua muda, ilikuwa inakatika kwenye mikunjo. Ni mwandiko wa marehemu. Kaandika mtihani mzima wa hesabu kutoka kichwani, maswali thelathini, na njia za kila jibu pembeni. Swali la tisa ni tangi. "Bomba la pili na tundu wanamalizana wenyewe. Saa sita." Na chini kabisa kaandika: Nilipata zote. Sasa kwa nini?

Nikakaa chini pale pale sakafuni na mkasi mkononi.

Kaka, mimi nilikuwa na miaka minne mlipofanya mtihani, saba alipokufa. Namkumbuka kwa miguu. Nilikuwa nakaa chini ya cherehani naokota vifungo na kuangalia miguu yake ikikanyaga pedali. Namkumbuka Mama akimwambia, "Pacha wako kabeba akili zote tumboni, wewe kakuachia maji kichwani." Na yeye anacheka, anasema ndiyo, Mama. Nakumbuka kikohozi na vumbi la vitambaa. Alikufa na miaka kumi na sita akiamini ni mjinga.

Mlikaa chumba kimoja siku ile. Nambie ilikuwaje. Usiniletee rangi.

Kitinda

19 Agosti

Kitinda,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu zote unazijua, nisamehe nikiziruka.

Mimi na yeye tulikuwa tumepewa namba zinazofuatana. Yeye 117, mimi 118. Dawati langu lilikuwa linayumba. Nililalamika kama kawaida yangu, nikamwomba. Akasema, "Njoo ukae kwangu," akanipisha. Siku hizo hakukuwa na kadi, kadi nilizianzisha mimi. Namba ilikuwa imebandikwa dawatini tu. Tukakaa, kila mmoja akaandika namba aliyoiona mbele yake. Hatukufikiri. Tulikuwa watoto wa miaka kumi na mitatu, na kengele ilikuwa imeshalia.

Matokeo yalipobandikwa, namba 118 ilikuwa ya tatu. Namba 117 haikuonekana popote.

Nilijua pale pale ubaoni. Swali la tangi nililiacha wazi, Kitinda, na mengine sita. Mtu aliyeacha maswali saba hawi wa tatu. Baba akaninyanyua begani. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake walinipeleka kununuliwa viatu, nikasema nitasema nikirudi likizo. Likizo nikamkuta yuko kwenye cherehani. Aliniuliza swali moja tu, "La tisa ulipata ngapi?" Nikamwambia saa sita. Nilikuwa nimelijua kutoka kwake njiani siku ile tukirudi. Akasema, "Hata mimi." Akarudi kushona. Sikusema likizo ile, wala iliyofuata, na iliyofuata nililetewa habari darasani kwamba nirudi nyumbani kuzika.

Hakujua. Ndicho kinachonila. Hata mara moja hakufikiria viti.

Kuna jingine. Nilipoajiriwa hapa ofisi ya mitihani, miaka ishirini na sita iliyopita, nilianza kuiruka namba 117. Naliweka dawati lake, nabandika namba, simpi mtoto yeyote. Kwenye daftari naandika "hakuhudhuria." Nilifanya kama mtu anavyoacha nafasi mezani. Sikutegemea kitu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na watoto 388. Nilikusanya vijitabu vya majibu, nikahesabu 389. Nikahesabu tena, nikamwita msimamizi ahesabu. 389. Kimoja hakikuwa na namba. Mahali pa tarehe pamejazwa, mahali pa namba pako wazi. Maswali yote yamejibiwa, na ukurasa wa mwisho, ambapo hapaulizwi kitu, kuna tangi. Saa sita. Nilimwambia msimamizi ni kijitabu cha akiba nilichochezea mwenyewe, nikakifungia kabatini.

Kila mwaka kinazidi kimoja. Nimebadili kufuli la stoo. Nimehesabu vijitabu vitupu asubuhi nikavitia sahihi. Nimesimama mwenyewe karibu na dawati lile kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, sikuona kitu, na nilipoinama kulikuwa na vumbi la penseli sakafuni. Viko ishirini na sita. Mwandiko hauzeeki.

Nadhani anangoja niijaze ile namba. Na kanuni nimekwambia mwenyewe, kijitabu kisicho na namba hakipati alama.

Mpwa wangu amepewa dawati la jirani yake. Sikupanga. Ndiyo sababu nilitaka kumtoa. Niliogopa atakachomfanya. Sasa naona niliogopa atakachomwambia.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo

27 Agosti

Barua hii haina salamu.

Nimeisoma yako mara tatu na kila mara nilitoka nje nikazunguka nyumba. Baba Chiriku kaniuliza kuna nini, nikamwambia jino.

Ulimla dada yangu akiwa hai. Ulikaa kwenye kiti chake, ukavaa sare yake, ukala mshahara wa shule yake, naye anakohoa vumbi la nguo za watu. Kisha unaniambia mlikuwa watoto! Siku ile mlikuwa watoto. Miaka arobaini yote hiyo nani alikuwa mtoto?

Chiriku hatoki kwenye foleni. Atakuja, atakaa 118, na hatamwogopa marehemu, maana ni mama yake mkubwa na ndiye anayemfundisha kuliko wewe. Mimi nilikuwa naogopa. Tangu nijue ni nani, nimerudisha kiti kizuri pale mezani na kukitandikia kitambaa kisafi.

Na wewe nakuagiza. Kikizidi mwaka huu, usikifungie kabatini. Kiandike namba, na kwenye daftari liandike jina lake kamili, ukitie kwenye rundo kama vya watoto wa watu, kisahihishwe. Kama amepata, ijulikane amepata.

Kitinda

5 Novemba

Kitinda,

Natumaini Mama na wote hawajambo.

Mtihani umefanyika. Chiriku alinisalimia langoni kwa heshima zote, akaniangalia usoni muda mrefu, akaingia. Watoto walikuwa 512. Nilisimama nyuma ya ukumbi. Katikati ya hesabu nilimwona anainua kichwa, anatabasamu kuelekea dawati la 117, kisha anaendelea. Msimamizi alimwonya asitazame pembeni. Alijibu, "Hakuna mtu pembeni, mwalimu," na kwa kweli hakukuwa na mtu.

Nilikusanya vijitabu 513.

Nilikaa na kile kimoja ofisini mpaka wafagiaji wakaniomba nitoke. Kisha niliandika. Moja, moja, saba. Kwenye daftari nikafuta "hakuhudhuria" na kuandika jina lake, la kwanza, la Baba na la ukoo. Sikuwa nimeliandika tangu tulipokuwa tunaandikiana kwenye madaftari ya darasa la pili. Nikakitia kwenye rundo. Wasahihishaji wamekaa nacho wiki mbili bila kuuliza neno.

Leo tumepiga mstari. Ni lazima nikwambie kabla hujaona orodha.

Yeye ni wa tatu.

Chiriku ni wa arobaini na moja.

Nimehesabu mara nne. Wa arobaini kampita nusu alama. Nikitoa karatasi ya 117 leo, Chiriku ameingia, orodha inabandikwa kesho asubuhi na hakuna atakayejua. Nikiiacha, mwanao yuko chini ya mstari kwa sababu ya kiti cha marehemu, na kama waliopewa nafasi wote wataripoti, ndiyo basi. Namba yoyote nitakayoifuta, mkono ni huu huu.

Sitaamua. Niliamua mara moja kwa kukaa kimya. Nimemwomba Bibi Mkuu wa shule siku kumi kabla ya kubandika, nimesema mashine ina hitilafu. Niandikie.

Kaka

11 Novemba

Kaka,

Shikamoo.

Sikukujibu siku ileile maana nilikuwa nalia kwa sababu mbili na sikujua ya kwanza ni ipi. Mwanangu kasoma mwaka mzima. Amekonda. Nilimwangalia akilala nikasema, nusu alama, Mungu wangu, mtu aliyekufa atakwenda na nafasi kufanyia nini? Nikachukua kalamu nikaandika "mfute." Naomba ulijue hilo, niliandika kabisa, kwa mkono wangu.

Kisha Mama akaniita. Kaniita jina langu, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Akauliza naandika nini. Nikaona liwalo na liwe, nikamwambia, "Mama, yule mkubwa wangu, pacha, mtihani ule alifaulu. Namba zilichanganywa."

Akanishika mkono uliokuwa na kalamu. Halafu akasema, "Wa ngapi?"

Nikamwambia, "Wa tatu."

"Wa tatu," akasema. "Na mimi nilimwambia ana maji kichwani." Akalia, Kaka. Analia na kufuta, analia na kufuta, mpaka jioni. Kesho yake alikuwa amesahau analilia nini, lakini machozi hayakusahau, yakaendelea.

Nikamweleza na Chiriku, kila kitu. Nilitegemea yowe. Kanisikiliza, akaangalia kile kiti kizuri, akasema, "Mama, mimi mwakani naweza kwenda shule nyingine. Yeye hana mwakani."

Usimfute. Barua ya mwito umwandikie kama wengine, umwekee kitanda.

Kitinda

20 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Shikamoo yako ya Novemba nimeitunza mpaka leo. Sikuamini utaniamkia tena.

Orodha ilibandikwa na jina lake la tatu kutoka juu. Wazazi walisimama pale wakalisoma pamoja na mengine. Mmoja aliuliza mwenzake, "Huyu wa tatu ni wa nani?" Nilikuwa dirishani. Nikasema, "Wetu."

Kuripoti kulianza Januari sita. Nilimwekea godoro, shuka mbili, ndoo na kitanda cha dirishani. Daftari la kuripoti liko mezani kwangu, kila mtoto anatia sahihi kwenye mstari wa jina lake. Siku ya tano walikuwa wamefika thelathini na tisa. Mstari wa 117 ulikuwa mweupe. Matroni aliniuliza huyo mtoto wa dirishani atakuja lini, maana kila asubuhi anakuta shuka zimekunjwa vizuri kuliko alivyoziacha.

Jana ilikuwa siku ya kumi na nne. Daftari linafungwa saa kumi alasiri. Saa kumi kasorobo nilikuwa peke yangu, mlango umefungwa, nikageuka kabatini kuchukua muhuri. Nilisikia kiti kinavutwa, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Sikugeuka upesi. Niliogopa, na pia nilitaka kumpa nafasi.

Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Kwenye mstari wake kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko ule ule.

Nampisha mtoto.

Nilikaa kwenye kiti kile nikakikuta kina joto. Kitinda, nililia mpaka nikalowesha daftari la serikali. Maisha yake yote kapisha watu. Mimi nilimwomba. Safari hii hakuna aliyemwomba.

Nilifungua kabati kuviona vile vijitabu ishirini na sita. Vyote vimejazwa namba, na si kwa mkono wangu. Nimevichukua asubuhi hii, nikaviweka mbele ya Bibi Mkuu, nikamweleza tangu dawati lililoyumba. Amenisikiliza hadi mwisho, kisha ameniomba funguo. Ni haki yake. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa, na kazi ya mwisho niliyoifanya ni kupiga muhuri barua ya mwito wa namba 118, nimeiweka humu.

Nitakuja huko. Nataka kumwambia Mama mwenyewe, hata kama itabidi nimwambie kila siku.

Mlete Chiriku Jumatatu kabla ya saa nne. Aje na viatu vyeusi, godoro na ndoo vipo, ni vile vya dirishani. Na mkumbushe kwa niaba yangu: asibadilishane kiti na mtu yeyote, hata akiombwa vizuri.

Kaka yako